Jina Lake Nani, Kazi Yake Nini?

Katika kazi yangu ya kutengeneza bunduki, ambayo nimeifanya kwa miaka mingi katika bonde la kati la California, nimeulizwa maswali mengi na watu wa kila namna. Lakini liko swali moja ambalo limerudi kwangu mara nyingi kuliko yote: hiki kitu kilichofungwa mdomoni mwa mtutu, ni breki au ni kificha mwako? Anayeuliza kwa kawaida hutabasamu, maana kitu chenyewe ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Mimi sitabasamu. Nimeishi na sheria za jimbo hili kiasi cha kutosha kujua kwamba kipande hicho chaweza kumtoa mtu nyumbani kwake na kumpeleka gerezani, na kama mtu huyo ni mgeni kama sisi, chaweza kumtoa gerezani na kumpeleka uwanja wa ndege.

Msomaji asiyejua bunduki asiogope. Nitaeleza kwa maneno mepesi, maana jambo lenyewe si gumu. Ugumu umo katika majina.

Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua na kugeuka hewa yenye joto kali na nguvu nyingi. Hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi katika mtutu. Watu wengi hudhani kwamba risasi ikishatoka kazi imekwisha, kumbe nyuma yake hutoka hewa yote ile, tena kwa mwendo mkali kuliko wa risasi yenyewe. Wala si hewa ya kudharau. Katika risasi ndogo ya .223, ambayo ndiyo ya kawaida katika bunduki nyingi za huku, kichwa cha risasi kina uzito wa gramu 3.6 hivi, na baruti yake yapata gramu 1.6. Kwa hiyo hewa inayotoka mdomoni ina uzito unaokaribia nusu ya risasi. Hewa hiyo huzaa mambo mawili. La kwanza ni teke, yaani ule msukumo unaompiga mpigaji begani na kuuinua mtutu. La pili ni mwako, kwa sababu hewa ile ingali na vitu visivyoungua, na ikikutana na oksijeni ya nje hulipuka na kutoa mwanga.

Basi mafundi wakatengeneza vyombo viwili kwa matatizo hayo mawili.

Breki hupunguza teke. Ndani yake mna kuta za chuma zilizosimama mbele ya hewa, na kila ukuta una tundu la kupitisha risasi tu. Risasi hupita, hewa hugonga ukuta, huusukuma mbele, kisha hukimbilia pembeni kupitia madirisha ya kulia na kushoto. Kwa vile ukuta umesukumwa mbele, bunduki nayo huvutwa mbele, na bega hupumzika. Iko na ndugu yake ambayo matundu yake hutazama juu. Hiyo huubonyeza mtutu usiinuke.

Kificha mwako hakina habari na bega. Chenyewe huwa wazi kwa mbele, kina nafasi pana ndani, na kina mipasuko mirefu au meno kama ya uma. Kazi yake ni kuitawanya hewa ile na kuivuruga ipoe kabla haijawaka vizuri. Jina lake huwafanya watu wadhani kwamba kimewekwa kumficha askari asionekane na adui. Faida yake kubwa ni kwa macho ya mpigaji mwenyewe. Anayepiga bunduki gizani bila chombo hicho hupofushwa na mwako wake mwenyewe, na kwa muda haoni mbele.

Bunduki za Jeshi la Marekani za M16 za mwanzo zilikuwa na kificha mwako cha meno matatu. Katika vita vya Vietnam meno yale yakawa yananasa majani na vijiti vya porini, ndipo kikaletwa kingine kilichofungwa mbele kwa pete, ambacho watu hukiita tundu la ndege. Baadaye, katika M16A2, mipasuko ya chini ikazibwa ili hewa isipige chini na kutimua vumbi askari akilala kifudifudi. Angalia sasa lililotokea. Kwa kuziba chini, hewa ikawa inaelekea zaidi juu, na mtutu ukawa unabonyezwa kidogo. Kificha mwako kikaanza kufanya kidogo kazi ya ndugu wa breki. Hapo ndipo mipaka ya majina inapoanza kufifia, na hapo ndipo wanasheria wanapoingia.

Kabla ya wanasheria, niruhusu niseme jambo moja kuhusu breki, kwa sababu watu huisifu kana kwamba ni zawadi isiyo na gharama. Marehemu baba yangu alikuwa mfuata nyayo katika Pori la Akiba la Selous. Aliwatembeza wageni waliokuja kuwinda mbogo. Katika miaka ya 1990 alifuatana na mgeni mmoja aliyekuwa na bunduki kubwa yenye breki. Mgeni alikuwa ameziba masikio yake. Baba hakuwa na kitu. Mbogo alipotokea, baba alikuwa amesimama kulia kwa mgeni, hatua moja tu kutoka kwake, mahali ambapo mfuata nyayo husimama siku zote ili aonyeshe kwa kidole. Hewa yote iliyogonga kuta za breki ikatoka pembeni, ikamkuta. Kutoka siku ile sikio lake la kushoto halikuacha kulia kama nyenje, na mpaka anafariki ilibidi uketi upande wake wa kulia kama ulitaka kuzungumza naye.

Wataalamu wa masikio hutuambia kwamba kishindo cha desibeli 140, hata kimoja tu, chaweza kuharibu usikivu. Bunduki za kuwindia hupita kiwango hicho hata bila breki, na breki huongeza. Ndiyo maana wawindaji wengi wa kulipwa katika Afrika hawaipendi kambini mwao. Teke analoepushwa mwenye bunduki halipotei. Hugeuzwa kishindo na kupewa jirani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sasa turudi kwenye sheria. Jambo la ajabu ni kwamba sheria za Marekani kwa muda mrefu ziliiacha breki na kukikamata kificha mwako. Tarehe 13 Septemba 1994 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya shirikisho iliyopiga marufuku kutengeneza bunduki mpya za aina fulani. Sheria ile haikutazama tu jina la bunduki. Ilikuwa na orodha ya sifa: kitako cha kukunja, kishikio kama cha bastola, mahali pa kufunga singe, kirushia bomu, na kificha mwako, au mtutu uliokatwa hesi kwa ajili ya kukifunga. Bunduki inayojipakia yenyewe na yenye magazini ya kuchomoa, ikiwa na sifa mbili katika hizo, ilikuwa haramu. Viwanda vikaondoa vificha mwako na kutia breki, tena wakazilehemu zisifunguke, maana hesi yenyewe ilihesabiwa kuwa dhambi. Sheria ile ilikuwa ya miaka kumi. Ikaisha tarehe 13 Septemba 2004, wala haikurudishwa.

California haikungoja. Ilikuwa na sheria yake iliyopitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwanzoni mwa mwaka 2000, na ikaikaza tena mwaka 2016. Hapa haihitajiki sifa mbili, moja yatosha. Bunduki inayojipakia yenyewe, ya risasi zinazopigwa katikati ya kitako chake, na ambayo magazini yake hutoka, ikifungwa kificha mwako tu, basi imekuwa silaha iliyokatazwa. Bunduki za kukokwa kwa mkono haziguswi na kifungu hicho, wala zile ndogo za .22 ambazo risasi yake hupigwa ukingoni. Anayekutwa na silaha iliyokatazwa aweza kushtakiwa kwa kosa kubwa. Aliyeitengeneza hukabiliwa na kifungo cha miaka 4, 6 au 8. Na kukifunga kificha mwako kwenye bunduki iliyokuwa halali kwaweza kuitwa kutengeneza.

Sheria hiyo imepigwa vita mahakamani. Jaji wa shirikisho huko San Diego aliamua mwaka 2021, na tena mwaka 2023, kwamba ni kinyume cha Katiba, lakini mara zote mbili mahakama ya rufaa iliisimamisha hukumu yake. Kwa hiyo mwenye bunduki asitegemee habari aliyoisikia barazani. Aisome sheria kama ilivyo siku anayoshika bisibisi.

Je, kificha mwako ni kitu gani machoni pa California? Hapa ndipo nimekaa nikafikiri kwa miaka. Kanuni za jimbo zinasema kwamba ni chombo chochote kilichofungwa mwisho wa mtutu ambacho kimebuniwa, au kimekusudiwa, au kinafanya kazi ya kupunguza au kugeuza mwako, kwa namna ya kuonekana, usimfikie mpigaji machoni. Hakuna kipimo cha namba. Kisha zinasema kwamba chombo mchanganyiko, kinachotangazwa kuwa kinapunguza mwako au kinachoupunguza kweli, ni kificha mwako. Na mwisho zinasema kwamba chombo ambacho mtengenezaji wake amekiita kificha mwako kitahesabiwa kuwa ndicho.

Tazama uzito wa maneno hayo. Kama kiwanda kimeandika juu ya chuma au juu ya sanduku "flash hider", yamekwisha. Hata kama chuma hicho hakipunguzi mwako hata kidogo, jina lake limeshakihukumu. Lakini kama kiwanda kimeandika "muzzle brake", na kumbe kinapunguza mwako kwa namna ya kuonekana, maandishi yale hayamwokoi mtu. Tendo lake litakishtaki. Kwa ufupi, jina laweza kukufunga, lakini haliwezi kukufungua.

Haya nilipata kumweleza kijana mmoja wa Singida, aliyekuwa akifuga mbuzi nje ya mji wa Fresno. Mbweha wa huku, wanaoitwa koyote, walikuwa wakimwibia wana-mbuzi, naye alikuwa amenunua kihalali bunduki ya Ruger Mini-14, ya kitako cha mbao cha kawaida, isiyo na kishikio cha bastola wala chochote cha kutisha. Siku moja akaja karakanani na kipande cha chuma alichonunua kwenye meza ya vitu vikuukuu. Hakikuwa na sanduku wala maandishi. Kilikuwa cha aina ya kuvalishwa juu ya mtutu na kubanwa kwa skrubu.

"Shikamoo mzee," akasema. "Naomba unifungie hii breki."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekuambia ni breki?"

"Aliyeniuzia."

Nikakichukua, nikakipeleka kwenye mwanga. Njia ya kwanza ya kutambua ni jicho. Ukikitazama kwa mbele, breki itakuonyesha ukuta wenye tundu dogo, kubwa kidogo tu kuliko risasi. Kificha mwako kitakuonyesha uwazi mpana. Ukikitazama kwa ubavu, breki ina madirisha au matundu, na kificha mwako kina mipasuko mirefu inayokwenda sambamba na mtutu. Nilikuwa na vielelezo vya kumwonyesha. Bunduki za M1A, ambazo ni ndugu wa M14 ya jeshi, kwa asili huwa na kificha mwako kirefu cha mipasuko. Zile zinazouzwa California zina breki yenye urefu karibu ule ule, ila imejaa matundu madogo. Mtu akiziona kwa mbali atadhani ni kitu kimoja. Akikaribia ataona tofauti.

Lakini kile cha kijana kilikuwa vyote viwili. Nyuma kilikuwa na madirisha ya pembeni, na mbele kilikuwa na meno yaliyo wazi. Jicho likashindwa.

Kijana akasema, "Basi tuifunge mzee, tukapige jioni tuone kama mwako unapungua. Si ndiyo kuhakikisha?"

Wazo lake lilikuwa la mtu mwenye akili, na ndiyo maana nilimketisha. Nilimwambia: "Mwanangu, ukiifunga ili ujue, na kumbe ni kificha mwako, tayari umeshatengeneza silaha iliyokatazwa. Jaribio lenyewe ndilo kosa. Tena hakuna namba ya kupimia. Wewe utasema mwako haukupungua, na shahidi wa serikali atasema umepungua."

Akanyamaza. Nilijua anachofikiri, maana nilikuwa na grini kadi kama yake kabla ya kuwa raia. Katika nchi hii mgeni anayepatikana na hatia ya kosa la silaha aweza kurudishwa kwao, hata kama ana ukaazi wa kudumu na ameishi miaka ishirini. Mke wake alikuwa na mimba. Mbuzi walikuwa wa mkopo. Vyote hivyo vilikuwa vinaning'inia kwenye chuma kile kilicholala juu ya jiliwa langu.

Nikamwuliza swali ambalo fundi hupaswa kuuliza kabla ya yote. "Bunduki hii inakuumiza bega?"

Akacheka. "Hapana mzee. Haina teke."

"Sasa breki ya nini?"

"Inapendeza."

Hakuifunga. Aliiacha pale pale karakanani, nikaikata vipande viwili kwa msumeno mbele ya macho yake, akaenda na bunduki yake ikiwa na mdomo mtupu kama ilivyotoka kiwandani. Koyote hawakujua tofauti.

Wapo watakaosema kwamba kuogopa namna hii ni kuzidi, na kwamba sheria inayomfunga mtu kwa jina la chuma ni sheria ya kuchekesha. Sitabishana nao sana. Nitawasimulia tu habari ya New York. Jimbo hilo lilipitisha sheria yake kali Januari 2013, kwa haraka, mwezi mmoja baada ya watoto wengi kuuawa katika shule ya Sandy Hook huko Connecticut. Sheria ya New York ilikwenda mbali kuliko ya California: iliikamata na breki yenyewe. Kwa hiyo bunduki ambayo California ingeipitisha kwa sababu ina breki, New York ingeikataa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini walioiandika walikosea herufi. Kwa Kiingereza breki ni "brake". Wao wakaandika "break", neno linalosikika sawasawa masikioni lakini maana yake ni kuvunja au kuvunjika. Tarehe 31 Desemba 2013 jaji mmoja wa shirikisho akasema kwamba kitu cha jina hilo hakipo duniani, na mtu wa kawaida hawezi kujua amekatazwa nini. Akakifuta kifungu hicho. Oktoba 2015 mahakama ya rufaa ikamgeuza. Ikaona kwamba ni kosa la tahajia tu, na kila mtu anajua kilichokusudiwa.

Sisi Waswahili tungesalimika na kesi hiyo, maana breki kwetu ni breki, hatuna ya kuvunjika. Lakini habari ile ilinifundisha kitu. Jaji wa kwanza alisimama kwenye neno, na majaji wa rufaa wakasimama kwenye maana. Wote ni watu waliosoma, na wote walitazama herufi zile zile. Ikiwa waliosoma hivyo waliweza kutofautiana kwa miaka karibu miwili juu ya neno moja, mwenye mbuzi wa Fresno atajiteteaje kwa kusema tu, "aliyeniuzia aliniambia ni breki"?

Nimekuja kuamini kwamba sheria hii, pamoja na kasoro zake, inauliza swali la haki inapotaka kujua kitu kinafanya nini. Baba yangu hakuambiwa na mtu kwamba breki ni kitu kibaya. Iliitwa jina zuri, la kutuliza na kupunguza. Kazi yake aliijua kwa sikio lake. Mwenye bunduki alisoma jina. Aliyesimama pembeni alipata kazi. Na katika mambo mengi ya dunia ndivyo ilivyo: anayenunua hutazama kilichoandikwa kwenye sanduku, na anayeishi jirani naye ndiye anayejua kilichomo.

Kwa hiyo nawaambia vijana wetu walioko ugenini na wanaopenda kuwinda, kwamba kuuliza si ujinga. Nunua kitu chenye sanduku na jina la kiwanda. Soma maneno yote, na ukiona popote kimesifiwa kwa kupunguza mwako, kirudishe dukani hata kama mbele kimeandikwa breki. Weka karatasi zake mahali unapoweka pasi yako. Ukihama jimbo, anza upya, maana halali ya hapa si halali ya kule. Ukiona shaka baada ya hayo yote, acha mtutu wazi. Bega litauma kidogo, na utalala nyumbani kwako. Na siku utakapopiga bunduki yenye breki, geuka kwanza utazame nani amesimama ubavuni, umpe cha kuzibia masikio.